Jaji Augustino Ramadhani (1945–2020)

Mzaliwa huyu wa Zanzibar, aliyefikia cheo cha brigedia jenerali jeshini, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na hatimaye Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha.

Mwaka 2015 aliomba ridhaa ya Chama cha Mapinduzi kugombea urais. Chama kikamteua John Magufuli.

Nasi wa Kibugu, Kenya, tunaomchagua gavana wetu tangu 2013, tuwapime wagombea kwa mizani ya jaji: je, husikiliza pande zote kabla ya kuhukumu?