Neno la Bibi Titi

Katikati ya mwaka 1955 chama cha TANU kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, na mtu aliyeonekana na kadi yake alikuwa anachezea riziki. Watumishi wa serikali ya kikoloni walipigwa marufuku kujiunga. Julius Nyerere, aliyetakiwa achague kati ya siasa na kazi yake ya ualimu pale Pugu, alikuwa ameshaacha chaki tangu Machi. Mikutano ya Mnazi Mmoja ilianza kujaa, ila ilijaa kanzu na mashati. Kanga zilikuwa za kutafuta. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipopita Dar es Salaam, aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Viongozi hawakuwa na wa kumwonyesha.

Aliyefuatwa kuziba pengo hilo hakuwa msomi. Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1926, aliishia shule ya msingi, hakuzungumza Kiingereza, na mumewe alikuwa dereva wa teksi. Sifa yake ilikuwa nyingine kabisa: aliongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na sauti yake ilijulikana pia kwenye maulidi.

Asiyeujua mji ule wa zamani anaweza kuona hiyo ni sifa ndogo. Vikundi vya ngoma havikuwa vya kucheza tu. Mwenzao akiwa na harusi walichanga, akifiwa walichanga, na viongozi wao waliaminiwa siri na fedha za wenzao. Anayekula mchango wa msiba hasimami tena mbele ya watu akasikilizwa, hata awe na sauti ya kinanda. Kwa hiyo Bibi Titi alipoanza kuzungumzia uhuru, wasikilizaji wake hawakuwa na haja ya kuuliza huyu ni nani na katumwa na nani. Walikuwa wameshamjua miaka mingi, kwenye furaha na kwenye matanga.

Hakuanzia jukwaani. Aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vingine, nao wakawaita watu wao, habari ikapita uani kwa uani. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi, baadhi yao wake za watumishi wa serikali ambao wenyewe wasingethubutu. Chama kilikuwa kimeazima imani iliyojengwa na ngoma, na vitabu vyetu vya historia, vinavyopenda kuanzia kwa wasomi, vimechelewa mno kukiri deni hilo.

Nyerere mwenyewe alihitaji wadhamini. Alikuwa kijana wa Butiama, Mkatoliki, mgeni katika mji wa Waislamu, na ilisaidia sana kwamba wazee kama Sheikh Suleiman Takadir walisimama upande wake. Bibi Titi hakuhitaji mdhamini Dar es Salaam. Alipofuatana na Nyerere mikoani, huko ambako Bomba haikujulikana, ndipo ufasaha wake ulipopimwa wenyewe, nao ukatosha.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri mdogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu ya chama. Miaka miwili baadaye alikamatwa kwa tuhuma za kula njama ya kuipindua serikali.

Kesi ya uhaini ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAC cha Afrika Kusini. Mahakamani hakuna anayeulizwa alichangia misiba mingapi. Kinachotazamwa ni kama maelezo ya shahidi yanashikana, na kama ushahidi mwingine unayaunga mkono. Kwa mizani hiyo mgeni yule aliaminiwa, na mwanamke aliyekuwa akiaminiwa na maelfu hakuaminiwa. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Nyerere alimwachia huru mwaka 1972. Aliishi kimya miaka mingi, akafariki Johannesburg mwezi Novemba 2000. Barabara inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja leo inaitwa Bibi Titi Mohamed.