Kinyago cha Kimakonde: kutoka ngoma ya mzaha hadi ugomvi wa miaka 20

Juni 8, 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimkabidhi Rais Félix Tshisekedi wa Kongo kinyago cha kakuungu cha Wasuku. Kwa mujibu wa makaratasi, kilikuja kwa mkopo usio na kikomo. Huku kwetu Haut-Katanga, kuanzia Pweto hadi Lubumbashi, mjadala wa vinyago hutazama Ubelgiji tu. Watanzania walishaipita njia hiyo ya kudai vinyago, na kilichowatesa ni kinyago cha Wamakonde, jamii ya pande mbili za mpaka wa Tanzania na Msumbiji.

Mhusika anayejulikana zaidi katika vinyago vya Wamakonde ni lipiko. Wakiwa wengi huitwa mapiko. Hutoka hasa vijana wanaporudi kutoka jandoni. Kichwa chake huchongwa kwa mti mwepesi, kikavaliwa kikiwa kimeinama nyuma, mchezaji akichungulia kupitia mdomo ulio wazi. Nywele za kweli hubandikwa, chale za usoni huwekwa kwa nta, na kinyago cha mwanamke hutiwa ndonya, yaani pambo la mdomoni, kwenye mdomo wa juu. Mwili wa mchezaji hufunikwa nguo kabisa. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo ni mfu aliyefufuka.

Pamoja na kutisha, lipiko huchekesha. Wareno walipotawala Msumbiji, wachongaji walileta uwanjani sura mpya: Mzungu, mfanyabiashara Mhindi, askari. Mtawala ambaye watu waliamriwa kumheshimu mchana alichezwa kwa dhihaka kwenye ngoma. Mwanaanthropolojia Mreno Jorge Dias na mkewe Margot waliichunguza jamii hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Lubumbashi, mji wa mchekeshaji Mufwankolo, haihitaji kufundishwa jinsi kicheko kinavyosema yale ambayo hotuba haithubutu.

Kwa mchongaji, mzaha huo ni shule ya kutazama watu. Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutafuta kazi Tanganyika walikuja na ufundi wao, na kutoka kwao ikazaliwa sanaa ya mpingo ya Dar es Salaam, pamoja na vinyago vya mashetani vya Samaki Likankoa.

Sasa ule ugomvi. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakatoka na vitu kadhaa, kinyago kimoja cha Kimakonde kikiwemo. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yakakinunua mjini Paris. Mwaka 1990 Enrico Castelli, profesa Mwitaliano, akakitambua. Ungedhani jambo limekwisha. Mwizi hakuwa na utetezi. Lakini Geneva ilishikilia kwamba ilinunua kwa nia njema, Dar es Salaam ikadai mali yake, na barua zikaendelea. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka shauri kwenye kamati ya UNESCO. Mei 10, 2010 mkataba ukasainiwa Paris, kwa usuluhishi wa ICOM, baraza la makumbusho duniani. Humo urejeshaji uliandikwa kuwa ni zawadi! Mwenye mali alipewa mali yake kwa hisani ya aliyeinunua kwa wezi.

Turudi kwetu: Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko kwenye makumbusho ya Tervuren, na sheria ya Julai 3 ikafungua njia ya kuvirudisha. Wachongaji wetu hawajaiona orodha hiyo ikibandikwa mahali popote wanapofanyia kazi.