Michezo na watoto, sehemu ya 5: Klabu iliyozaliwa kwenye maegesho ya magari

Tangu sehemu ya 4 swali linalojirudia ni moja: mtoto anayeachwa kila timu ikichaguliwa afanye nini? Si mwepesi, si mrefu, jina lake halisomwi UMITASHUMTA, kila siku yeye ni wa kushika begi za wenzake. Leo sitoi ushauri. Nawapa historia ya klabu moja iliyoanzishwa na watoto wa aina hiyo hiyo, halafu mtapima wenyewe.

Mchezo wao ni wa kurushiana kisahani cha plastiki, kile wengi tunakiita frisbi. Na kisahani chenyewe, msicheke, asili yake ni jikoni. Mwaka 1938 kijana wa Kimarekani, Fred Morrison, na mchumba wake Lu walikuwa ufukweni Santa Monica, California, wakirushiana bati la kuokea keki. Akapita mtu, akataka kulinunua kwa senti 25. Dukani bati lile lilikuwa senti 5! Wakaona hii ni biashara, wakaanza kuuza mabati. Miaka ikapita, vita kuu ikapita, Morrison akatengeneza cha plastiki, na Januari 1957 akawauzia haki yake kampuni ya Wham-O. Jina la Frisbee likafuata, limetokana na kampuni ya kuoka pai ya Frisbie kule Bridgeport, Connecticut, maana wanafunzi wa huko walikuwa na mchezo wa kurusha mabati yake yakiisha pai. Kwa hiyo siku mwanao akirusha mfuniko wa sufuria, kabla hujafoka, ujue hajaanza yeye.

Sasa twende kwenye klabu.

Mwaka 1968, shule ya sekondari Columbia, mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey. Mwanafunzi anaitwa Joel Silver alikuwa ametoka kwenye masomo ya kiangazi, huko akafundishwa mchezo wa frisbi wa timu mbili na kijana wa chuo, Jared Kass. Akarudi shuleni, akasimama kwenye baraza la wanafunzi na kupendekeza shule iuanzishe mchezo huo. Nusu utani, nusu kweli. Wakapitisha. Mechi za kwanza zikawa kati ya wajumbe wa baraza na wanafunzi wa gazeti la shule. Mnaona wenyewe ni watoto gani hao: watu wa vikao na kuandika, si wale wa jezi na vikombe.

Uwanja hawakuwa nao. Walichopata ni maegesho ya magari ya shule, yaliyokuwa na lami na taa, ndiyo maana wakawa wanacheza jioni na usiku. (Kama nesi lazima niseme: goti likichubuka kwenye lami, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, toa mchanga wote. Usipake dawa ya meno wala majivu. Nimemaliza.)

Mimi ninachokipenda zaidi ni namna timu ilivyokua. Hakuna mtu mzima aliyewaletea kitabu cha sheria. Walicheza, kikakwama kitu, wakabishana, wakabadilisha. Mwanzoni mtu aliruhusiwa kukimbia na kisahani mkononi. Baadaye wakaona haifai, ukikidaka unasimama, unampa mwenzako kwa pasi. Idadi ya wachezaji nayo ilitegemea nani amekuja jioni hiyo, mwishowe wakatulia kwenye 7 kila upande, kwa sababu ndio waliotosha kwenye lami ile. Hadi leo mashindano ya dunia uwanjani wanacheza 7 kwa 7. Yaani upana wa maegesho ya shule moja ndio umeamua!

Mwaka 1970 Silver na wenzake wawili, Buzzy Hellring na Jon Hines, wakaziandika sheria vizuri na kuzichapisha. Jina la mchezo likawa Ultimate, kwa maana ya kitu ambacho hakuna kingine cha kukizidi. Maneno makubwa kwa watoto wa maegesho, lakini ndio ujana. Hata kwenye orodha ya timu walimweka mfanya usafi wa shule kuwa kocha mkuu, na mlinzi kuwa meneja. Utani wa kuwasuta wale wa timu kubwa, lakini mimi nausoma na kwa upande mwingine: watu wazima waliokuwa karibu na watoto hao saa hizo za jioni ni wale.

Tarehe 7 Novemba 1970 wakapata mechi ya kwanza na shule nyingine, Millburn, ya jirani. Columbia wakashinda 43 kwa 10. Ukiwa mgeni kwenye mchezo, kufungwa hivyo kunaweza kukufanya usirudi tena. Millburn walirudi. Msimu wa machipuko wa 1971 ikaanza ligi ya shule 5 za New Jersey, na wao wakiwemo. Kwangu mimi ushindi wa maana ni huo kuliko zile 43. Timu isiyo na jirani wa kucheza naye inakufa, hata ikiwa bora namna gani.

Halafu waanzilishi wakamaliza shule, na klabu nyingi za vijana hufia hapo. Hii haikufa, kwa sababu waliobaki walikuwa na sheria zilizoandikwa, na walioondoka walizibeba hadi vyuoni. Hellring alikwenda Princeton. Hakuona mbali. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1971, akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Sisi wa zamu za usiku tunazijua ajali za umri huo, sina haja ya kueleza. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Novemba 1972, Princeton na Rutgers wakacheza mechi ya kwanza ya Ultimate kati ya vyuo. Rutgers 29, Princeton 27. Na pale walipochezea pamekuwa maegesho ya magari, lakini miaka 103 nyuma, siku ile ile, vyuo hivyo hivyo vilikuwa vimecheza hapo mechi ya kwanza ya futiboli ya vyuo Marekani, na Rutgers wakashinda kwa tofauti ya pointi mbili vile vile, 6 kwa 4.

Sasa jambo ambalo akina mama wengi hawaliamini nikiwasimulia: mchezo huu hauna refa. Watoto wale walikuwa wanacheza usiku bila mtu mzima wa kupuliza filimbi, wakawa wanaamuana wenyewe, na desturi ikabaki. Ukichezewa faulo unasema mwenyewe, "faulo." Aliyekugusa akikubali, sawa. Akikataa, mnaongea kwa kifupi, na mkishindwa kuelewana kisahani kinarudi kwa aliyekirusha, mnaanza upya. Hakuna anayetoka na ushindi wa bure kwa kupiga kelele.

Utasema, eti watoto wangu wawili hawagawani hata chapati, wataamuana? Haki yako kuuliza. Hata wakubwa wanasuasua: ligi ya kulipwa iliyoanza Marekani mwaka 2012 iliweka marefa. Lakini mashindano ya shirikisho la dunia, lililoanzishwa 1985, yanaendelea bila refa mpaka fainali. Na wana utaratibu ambao ningeutamani kwenye shule zetu. Mechi ikiisha kila timu inaipa nyingine alama, 0 hadi 4, kwa mambo matano: kujua sheria, kutoumizana, kutenda haki, kujizuia hasira, na namna ya kuzungumza. Jumla 20. Kwa hiyo unaweza kufungwa mechi zote na bado ukaondoka na tuzo ya timu yenye roho nzuri, na hiyo tuzo watu wanaigombea kweli kweli.

Mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi shirikisho hilo. Silver alikuja kuwa mtengenezaji filamu mkubwa, The Matrix ni yake. Pale Maplewood wameweka bamba la kumbukumbu kwenye yale yale maegesho.

Walioniuliza inboksi kuhusu kisahani: cha mechi kina uzito wa gramu 175. Kwa mdogo tafuta chepesi zaidi, na muanze kwa kurushiana mkiwa karibu, mbali na barabara. Sehemu ya 6 ni vifundo vya miguu, jinsi ya kujua kama kimeteguka tu au kimevunjika.