Mlingoti wa Galme na Kamba Zake

Mwalimu wa bara afunguaye kamusi kutafuta neno galme huambiwa kwamba ni mlingoti mdogo wa nyuma. Jawabu hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa maana halimwambii mlingoti huo husimamaje.

Neno lenyewe ni la Waarabu wa Ghuba. Mabaghala na mabumu yao yalikuja kila mwaka kwa kaskazi, yakileta tende na chumvi, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko ya Rufiji. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri ndani ya bumu la Kuwait mwaka 1938 hata 1939, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1940.

Katika merikebu za Ulaya kila mlingoti ulifungwa kwa kamba za kuume na za kushoto, zisizoondolewa safari nzima. Mgeni aliyezoea hayo, akiona katika mabumu kamba za upande mmoja zimelegea, alidhani mabaharia ni wavivu. Sivyo. Tanga la vyombo hivi hutundikwa katika foromali ndefu, na chombo kikipinduliwa foromali husimamishwa wima kando ya mlingoti, ikapitishwa mbele yake hata upande wa pili. Kamba iliyokazwa upande wa demani ingeizuia njia. Basi kamba za ubavuni hukazwa joshini tu, yaani upande utokao upepo. Chombo kikigeuka, hizo hulegezwa na za upande wa pili hukazwa. Henza nayo, ipandishayo foromali, hufungwa nyuma ya mlingoti, ikauvuta usiinamie omo. Kamba moja, kazi mbili.

Galme hufuata kanuni iyo hiyo, ila husimama karibu na tezi, ambapo nafasi ya kufunga kamba nyuma yake ni haba. Haikuwezekana kuitwika mzigo mkubwa. Kwa hiyo hufanywa fupi, na foromali yake nyepesi.

Hatari ni upepo urukao ghafula na kulipiga tanga kwa upande usiotazamiwa. Hapo milingoti yote miwili hukosa kamba ya kuishika, nayo huweza kuvunjika kabla mtu hajawahi kukaza hata moja. Ndiyo sababu mshika usukani, ambaye galme i karibu naye, hakuruhusiwa kusinzia, na chombo hakikupinduliwa ila mabaharia wote wamekwisha kushika kamba zao.