Kucha ya Bunduki: Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya kabla hatujaanza: mtutu, kitako, komeo, ganda, kucha. Neno la mwisho mnalijua nyote, lakini leo litafanya kazi ambayo pengine hamkuitazamia.

Wengi wenu mmeliona gobore. Fundi wa chuma hulitengeneza kijijini. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, ikashindiliwa kwa ufito, kisha hutiwa risasi au vipande vya chuma. Mwenye gobore hupiga mara moja tu. Akikosa, hana budi kutegemea miguu yake. Bunduki ya kiwanda ilileta mambo mawili makubwa: risasi iliyofungwa tayari pamoja na baruti yake katika ganda la shaba, na nafasi ya kupiga mara ya pili upesi. Basi wawindaji wakawa na kazi mpya ya kuchagua, maana viwanda ni vingi. Wengi waliuliza kwanza, tundu la mtutu lina upana gani? Lakini mtu aliyekwisha kufukuzwa na nyati aliuliza jambo jingine: ile risasi ya pili, itaingia au haitaingia?

Jibu zuri lilitoka Ujerumani, katika mji mdogo wa Oberndorf. Hapo alizaliwa Paul Mauser mwaka 1838, naye pamoja na kaka yake Wilhelm walianzisha kazi ya bunduki. Bunduki yao iliyopata sifa kuliko zote ni ile iliyochukuliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898.

Yafaa tuitazame vizuri. Nyuma ya mtutu pana chuma kirefu kinachokwenda mbele na nyuma kama komeo la mlango. Mwindaji akilivuta komeo nyuma, ganda tupu hutoka. Akilisukuma mbele, risasi mpya hupanda kutoka katika kisanduku chake na kuingia mtutuni. Katika bunduki nyingi nyingine, komeo huisukuma tu ile risasi, wala haliishiki mpaka mlango umefungwa kabisa. Sasa mfikirieni mtu mwenye hofu. Amesukuma komeo nusu ya njia, mikono inatetemeka, akalivuta tena nyuma. Risasi ya kwanza imebaki mdomoni mwa mtutu. Anaposukuma tena, risasi ya pili inakuja nyuma ya ile ya kwanza, zote mbili zinakwama, na mnyama bado anakuja.

Mauser alitia kando ya komeo kipande kirefu cha chuma chenye kucha nene. Risasi inapopanda tu, kitako cha ganda lake huingia chini ya kucha hiyo, na kucha haiiachi tena. Komeo likirudi nyuma, hata kutoka nusu ya njia, risasi hurudi nalo na kutupwa nje. Mtoto unayemsukuma mgongoni barabarani aweza kukuponyoka. Uliyemshika mkono haendi mbali. Tofauti ndiyo hiyo.

Mtu mmoja aliyeitumia bunduki ya namna hii aliwinda karibu na kwetu. Jina lake Walter Bell, Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1880. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwinda tembo huko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, na kwa sababu hiyo wenzake wakamwita Karamojo Bell. Wawindaji wengine wa siku zile walichukua bunduki nzito za mitutu miwili, za kupiga risasi kubwa kama kidole gumba. Bell alipendelea bunduki nyepesi iliyotengenezwa na Rigby wa London kwa mtambo wa Mauser, nayo upana wa risasi yake ni milimita 7 tu. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo. Siri yake haikuwa nguvu. Alipasua vichwa vya tembo waliokufa ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, na mkono wake ulikuwa mtulivu mno. Hasara waliyoipata tembo wa Karamoja kwa biashara ile ya pembe ni somo jingine, tena la huzuni. Kwa leo yatosha kusema kwamba mfano wake ulikuwa wa hatari kwa watu wasio na shabaha kama yake, na baadaye nchi kadhaa za Afrika ziliweka sheria kwamba mwenye kuwinda nyati au tembo asitumie risasi nyembamba kupita milimita 9.5.

Wamarekani nao walikuwa na viwanda vyao. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, katika shehena yake mlikuwamo bunduki za kiwanda cha Winchester. Kiwanda hicho, kilichokuwa katika mji wa New Haven, kilitoa mwaka 1936 bunduki iliyoitwa Modeli 70. Ilikuwa na kucha kama ya Mauser, na mifuo ya kitako ilichongwa kwa mkono ili isiteleze. Wawindaji wa Marekani waliisifu kuliko zote.

Lakini mishahara ya mafundi ilipanda, na kila bunduki ilihitaji kazi nyingi ya kuchonga chuma. Mwaka 1964 wenye kiwanda wakapunguza gharama. Kucha kubwa wakaiondoa, wakaweka kidude kidogo ndani ya komeo. Mifuo ya kitako haikuchongwa tena, bali ilibanwa kwa mashine. Tuseme haki: bunduki mpya ilipiga sawasawa, na mtu anayemvizia paa kutoka mbali hakupungukiwa na kitu. Kiwanda cha Remington kilikuwa kimetoa bunduki yake isiyo na kucha kubwa, Modeli 700, mwaka 1962, ikauzwa kwa mamilioni. Kwa maoni yangu, kosa la Winchester lilikuwa kuuza kitu kingine kwa jina lile lile.

Wanunuzi walikasirika. Wakaanza kutafuta bunduki kuukuu zilizotengenezwa kabla ya mwaka ule, na bei yake ikapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kiliirudisha kucha. Mwaka 2006 kiwanda cha New Haven kilifungwa, na Modeli 70 ikaja kutengenezwa mahali pengine, kucha ikiwapo. Hata hivyo zile za zamani zingali zikitafutwa. Mnunuzi wa Marekani akiletewa moja, kabla hajaigusa kitako huvaa miwani yake, akaigeuza, akasoma nambari iliyopigwa kwenye chuma. Zile za mwaka 1964 zilianza kuhesabiwa kutoka 700,000. Ikiwa nambari ni ndogo kuliko hiyo, hutoa mkoba wake.