Gari Kuukuu: Litengenezwe au Libadilishwe?

Kwa msafirishaji anayetoa matoke Kabingo kwenda Mbarara, au anayepeleka bidhaa za duka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, siku moja fundi humwambia kuwa injini imekwisha. Swali la kwanza huwa ni bei ya kutengeneza. Lenye uzito zaidi ni kwamba fedha hizo zitanunua miezi mingapi ya kazi.

Chukua mfano wa lori dogo. Injini ya mtumba pamoja na ufundi ni shilingi 4,500,000 za Uganda. Gari linalala gereji siku 12, na kila siku mwenyewe anakosa faida ya 70,000, yaani 840,000. Jumla ni 5,340,000. Likifanya kazi miezi 18 kabla ya kuharibika tena, gharama ni kama 297,000 kwa mwezi. Likidumu miezi 6 tu, ni 890,000. Kama marejesho ya mkopo wa kununua gari jingine ni 800,000 kwa mwezi, jibu linageuka kabisa, ingawa ikumbukwe kuwa mkopo ukiisha gari hilo bado lina bei yake sokoni. Fedha zilizoingia kwenye giaboksi mwaka jana hazimo katika hesabu hii. Wengi hukwama hapo: wanaendelea kutengeneza kwa sababu tayari wametengeneza sana.

Barabara pia ina neno lake. Kutoka Mbarara kupitia Kabingo hadi Kikagati, mpakani na Tanzania, ni lami. Anayekata kuingia Nakivale hukutana na vumbi na mashimo, na gari huliwa kuanzia chini: springi, bushi, shokapu. Hivyo ni vitu vya kubadilisha kimoja kimoja, na peke yake si sababu ya kuuza gari. Chesisi iliyopasuka au kuliwa na kutu ni jambo jingine. Kuweka injini juu ya chesisi hiyo ni kupoteza fedha.

Upande wa kununua umebanwa na sheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kenya hairuhusu yanayozidi miaka 8. Kwa hiyo anayetafuta bei nafuu Mbarara mara nyingi huangukia gari lililokwisha tumika nchini, na aliyeliuza alikuwa na sababu yake. Lipelekwe kwa fundi asiyemjua muuzaji. Kwa anayeagiza kutoka nje, kodi na masharti hubadilika na bajeti ya Juni, hivyo Mamlaka ya Mapato (URA) iulizwe kabla ya kutoa arubuni.

Kuuza la zamani nje ya mpaka si rahisi. Rwanda huendesha upande wa kulia na gari lenye usukani wa kulia halina soko huko. Tanzania huendesha kushoto kama Uganda, lakini gari lazima lilipiwe ushuru kabla ya kupewa namba za huko.

Anayeamua kuweka injini ya mtumba adai hati ya mauzo na aandikishe namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari kabla ya kurudi njiani. Namba zisipolingana, gari linaweza kuzuiwa mpakani, na matoke hayangoji.