Kitabu kwa Nyumba Yenye Watoto Wengi: Tulichorithi kwa Wazee wa Mara



Katika ziara zetu za Jumuiya Ndogo Ndogo hapa Turwa swali moja limejirudia hata tumeona tuliandikie. Mzazi mwenye watoto saba au wanane, ambaye baada ya mavuno hubakiwa na fedha ya kitabu kimoja au viwili, anauliza: ninunue kipi, ili watoto wangu wasome na kujifunza dini nyumbani? Wengine wametumiwa na ndugu zao walioko Marekani majina ya programu nzima za masomo ya nyumbani zilizotungwa na Wakatoliki wa huko, nao wanataka kujua kama zinafaa. Tungeweza kutaja kitabu tukamaliza. Tumeona afadhali tuanze na historia, kwa kuwa wazee wetu wa Mara waliulizana swali hilohilo wakiwa na vitabu vichache kuliko sisi.

Kwanza tuondoe utata. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Kwa hiyo masomo ya nyumbani tunayoyasema hapa ni ya jioni, ya likizo na ya Jumapili alasiri. Hatumwondoi mtoto darasani.

Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifungua misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Walikuja na kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba mtu asibatizwe kabla ya kupitia miaka minne ya mafunzo. Miaka minne ni mirefu na mapadre walikuwa wachache, hivyo mzigo ukawaangukia makatekista. Hao ndio waliofundisha katika vibanda vya nyasi, na chombo chao kikuu kilikuwa katekisimu ndogo ya maswali na majibu. Siku hizi kukariri kunasemwa vibaya, na seminarini sisi wenyewe tulifundishwa kukutilia shaka. Lakini tukitazame kitabu kile kwa macho ya nyumba yenye watoto wengi. Kitabu kilikuwa kimoja na vichwa vilikuwa vingi. Jibu lililokaririwa liliweza kurudi nyumbani bila kitabu. Mtoto alilitamka penye moto, mdogo wake akalidaka, na mama asiyejua kusoma akaweza kumwuliza swali kesho yake, maana swali naye alikwisha kulikariri. Hatusemi kwamba kukariri kunatosha. Tunasema kwamba waliotunga vitabu vile walijua nani atavitumia.

Suala la lugha lilikuwa gumu zaidi, nalo lingali gumu. Nyumba za Tarime na Serengeti huongea Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na lugha nyingine za jirani, wakati kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili. Hapa tuna mfano wa mtu wetu wenyewe. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule ya Mwisenge mwaka 1934, alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943. Mwaka 1955, baada ya kuacha ualimu Pugu kwa sababu ya siasa, alirudi kwao, akawasaidia mapadre wa Maryknoll, ambao walikuwa wamefika Musoma mwaka 1946, kujifunza Kizanaki na kuyatia maandiko ya dini katika lugha hiyo. Kiingereza alikijua vizuri, kwani alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, na Kiswahili alikijua kiasi cha kuweza kumtafsiri Shakespeare. Hata hivyo aliketi kutafuta neno la Kizanaki, kwa sababu bibi wa Butiama hakuwa na lugha nyingine ya kusalia. Mzazi anayejivuna kwamba watoto wake hawajui Kikuria angepaswa kulifikiria jambo hilo.

Baadaye mambo yaligeuka. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misioni zilizokuwa zikipata ruzuku ziliingia mikononi mwa Serikali kuanzia mwaka 1970. Tusilaumu mno, shabaha ilikuwa kumfungulia mlango mtoto wa kila dini, na seminari zetu ziliachwa. Lakini kwa upande wa katekesi lilikuwa badiliko kubwa. Dini ikabaki na kipindi chake shuleni, na mengine yote yakarudi kwa wazazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kutamka mwaka 1965, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Maneno hayo yalisomwa kama mafundisho mazuri. Baada ya 1970 yakawa kazi ya kufanya. Maaskofu wa AMECEA walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976, walikuwa wanazitafutia nyumba hizo msaada.

Lakini mzazi asiyejua kusoma atamfundishaje mtoto? Hapa historia ya kanda yetu ina sura ambayo wengi wameisahau, nasi tungependa tukae nayo kidogo. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Serikali pamoja na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria, Mara ukiwemo, makao yake yakiwa Mwanza. Watunzi wa mradi ule hawakuandika kitabu kimoja cha kwanza kwa watu wote. Waliandika kimoja kwa mkulima wa pamba, kingine kwa mvuvi, kingine kwa mfugaji wa ng'ombe, kingine kwa mkulima wa migomba, na kingine cha maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza silabi zake kutoka katika kazi aliyoiacha saa moja iliyopita. Matokeo ya kampeni nzima ya nchi yanajulikana: wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa takriban asilimia 67 ya watu wazima, walipungua hadi asilimia 39 katika mtihani wa taifa wa mwaka 1975, na kufikia karibu asilimia 10 mwaka 1986. Tunajua kwamba takwimu za mitihani ya namna hiyo zina ubishi wake, na kwamba wengi walisahau walichojifunza kwa kukosa cha kusoma. Hata hivyo, wazee wengi wanaosimama leo kusoma Neno katika vigango vyetu wametokana na madarasa yale.

Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, redio moja na kijitabu kimoja kwa kikundi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, iliyokutana hapahapa mkoani kwetu, ikapitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Vitabu navyo vilikuwa haba. Wazazi wengi wanaotusoma walijifunza kwa Tujifunze Lugha Yetu, nakala moja kwa dawati zima, huku mmoja akikisoma kichwa chini miguu juu kwa sababu ya mahali alipoketi. Wapo wanaoweza hadi leo.

Tukiwa na historia hiyo mkononi, tunaweza kuzitazama programu za Marekani bila kushangaa wala kudharau. Huko, familia za Kikatoliki zilianza kwa wingi kuwafundisha watoto nyumbani katika miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1993 jambo hilo lilikuwa halali katika majimbo yote 50. Taasisi kama Seton Home Study School ya Virginia huipelekea familia vitabu vya kila darasa, na wengi hutumia bado Katekisimu ya Baltimore ya mwaka 1885, ambayo nayo ni ya maswali na majibu, ndugu kabisa ya ile ya makatekista wetu. Tulizozipitia ni kazi nzuri ya watu wenye imani. Lakini zimetungwa kwa ajili ya mama anayekisoma Kiingereza kama lugha yake, anayeshinda nyumbani, na anayeweza kumnunulia kila mtoto seti yake kwa dola. Mama wa Turwa akiinunua seti hiyo ataiweka kabatini. Mtoto atasoma jinsi theluji inavyoondolewa mlangoni, na mama hataweza kumwuliza lolote.

Basi tunaloliangalia sisi kwanza, kabla ya jina la mtunzi na uzuri wa jalada, ni nani ndani ya nyumba atakishika kitabu hicho na kufundisha kwacho. Kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania ndivyo mtoto anavyokutana navyo shuleni, na vinapatikana pia katika maktaba mtandao ya Taasisi. Mwenye simu janja asinunue asichohitaji. Muhuri wa Serikali haumwondolei mzazi wajibu wa kusoma mwenyewe, maana mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikithibitisha vitabu vya shule ilivunjwa baada ya Bunge kuonyeshwa makosa yaliyokuwamo katika vitabu ilivyovipitisha. Vile vijitabu vya mitihani iliyopita vinavyopangwa chini sokoni hatuvipendi hata kidogo. Vinamzoeza mtoto kutafuta herufi ya jibu, na havina hadithi ambayo mdogo wake angetamani kuisikiliza.

Kwa Biblia, mzazi afungue ukurasa wa yaliyomo atafute Tobiti, Wamakabayo na Yoshua bin Sira. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ina Kiswahili kitamu, lakini haina vitabu hivyo. Biblia Habari Njema ipo katika toleo lenye navyo. Misale ya Waumini tayari imo katika nyumba nyingi, nayo hulala kabatini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ilhali ndani yake mna masomo ya kutosha jioni zote za mwaka. Na mwenye kupata zile tenzi za Enjili alizozitunga Mwalimu, zilizochapwa Ndanda mwaka 1996, asiziache. Zinaimbika. Watoto wa umri mbalimbali watazishika kwa pamoja, na katika nyumba ya watoto wanane hilo ni jambo la thamani kuliko picha za rangi.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi hadi tarehe 29 Juni kwa sababu ya korona, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Tulipita nyumba kadhaa wakati ule. Palipokuwa na dada mkubwa aliyeweza kusoma vizuri, wadogo waliendelea. Dada huyohuyo alikuwa amekwisha kuteka maji, kuchanja kuni na kupika, na ilipofika zamu yake yeye ya kusoma taa ilikuwa imezimwa ili kuokoa mafuta, au kaka zake walikuwa wameishika.

Hilo ndilo linalotusumbua zaidi ya uchaguzi wa kitabu. Katika wilaya zetu binti hutumika kama mwalimu wa nyumba na halafu husahauliwa. Ukifika Desemba wa msimu wa tohara, wapo wanaopelekwa kukeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na akisha kukeketwa huhesabiwa tayari kwa kuolewa na kitabu hukabidhiwa mwingine. Kituo cha Masanga kimekuwa kikiwapokea wasichana wanaokimbia, lakini mtoto hakimbii nyumba ambayo baba yake amemwahidi kidato cha kwanza mbele ya ndugu zake wote.

Tunawaomba wazazi wanaonunua kitabu msimu huu waandike jina la binti mkubwa katika ukurasa wake wa kwanza, na wampe nusu saa ya taa iliyo yake peke yake, kabla hajaanza kuwafundisha wadogo. Wanaotaka kuviona vitabu tulivyovitaja kabla ya kutoa fedha waje ofisini baada ya Misa ya pili. Nakala moja moja zipo, na katekista atawafungulia.